Wattaya hadi Unguja: masafa ni kilomita 3,900, je, safari ni ya muda gani?

Mkaazi wa Maskati anapopokea habari za msiba kutoka Zanzibar, jambo linalomshughulisha kwanza ni iwapo ataweza kuyawahi maziko. Makala hii inaeleza namna masafa baina ya miji hiyo miwili yanavyopimwa, ndege inapita wapi, na kwa nini safari ya saa tano angani huweza kuchukua siku nzima.

Wattaya ni mtaa wa Maskati, mji mkuu wa Oman, ulioko baina ya Ruwi na Qurum, kando ya Barabara ya Sultan Qaboos. Kama ilivyo katika mitaa mingine kadhaa ya mji huo, si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa barazani na madukani.

Wazungumzaji wake wengi wanatoka katika familia zilizoishi Unguja, Pemba na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Wapo waliohama baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Wengine wengi walifika baada ya Julai 1970, wakati Sultan Qaboos bin Said alipotwaa madaraka na kuwataka Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi yao.

Waliohama waliacha nyuma wazazi, ndugu na makaburi ya wazee wao. Hivyo hadi leo jambo likitokea upande mmoja wa bahari, huwagusa walioko upande wa pili. Harusi hupangiwa tarehe, na mtu akajitayarisha. Kifo hakina tarehe, na desturi ya Kiislamu ni kuharakisha maziko. Aliyefariki dunia alfajiri huweza kuzikwa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Adhuhuri au ya Alasiri.

Kwa sababu hiyo, suala la masafa na muda wa safari lina uzito wake kwa watu wa Wattaya. Jawabu lake huamua ni nani atakayeshika jeneza na ni nani atakayefika wakati watu wamekwisha rudi kutoka makaburini.

Masafa yanapimwaje

Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Maskati uko Seeb, kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Wattaya. Ulifunguliwa mwaka 1973. Kabla ya hapo ndege zilitua Bait al Falaj, katika bonde la Ruwi, si mbali na Wattaya yenyewe, kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na milima. Jina la Uwanja wa Seeb lilibadilishwa kuwa la Maskati mwaka 2008, na jengo kubwa jipya la abiria lilianza kutumika Machi 2018.

Upande wa pili uko Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ambao wenyeji wa Unguja waliuzoea zaidi kwa jina la Kisauni. Uko kilomita chache tu kusini ya Mji Mkongwe.

Maskati iko kwenye nyuzi 23 na nusu kaskazini ya Ikweta, na Unguja iko kwenye nyuzi 6 hivi kusini yake. Kila uzi mmoja wa latitudo ni sawa na kilomita 111. Kwa hiyo msafiri anateremka kusini kwa kilomita 3,300. Wakati huo huo anasogea magharibi kwa zaidi ya kilomita 2,000, kwani miji hiyo imeachana kwa nyuzi 19 za longitudo.

Ndege haiendi kusini kwanza kisha ikageukia magharibi. Inakata pembe. Anayetaka kuiona njia yake achukue tufe la dunia, aweke ncha moja ya uzi Maskati na ncha ya pili Unguja, kisha auvute uzi hadi ukaze. Njia ya uzi huo ndiyo fupi kuliko zote. Urefu wake ni takriban kilomita 3,900, au zaidi kidogo ya maili za baharini 2,100.

Kwa kulinganisha, kutoka Maskati hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 3,700, na hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 3,970. Kutoka London hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 6,800.

Sehemu tano za njia

Uzi huo ukifuatwa toka mwanzo hadi mwisho, unapita mahali ambapo wasafiri wengi hawapatambui, kwa kuwa safari nyingi ni za usiku au madirisha huwa yamefungwa.

Robo hivi ya kwanza yote imo ndani ya Oman. Ndege inaivuka milima iliyo nyuma ya Maskati, kisha inapita juu ya jangwa la katikati ya nchi hadi Dhofar, na kuiacha ardhi ya Bara Arabu karibu na Salalah. Hapo imekwisha ruka karibu kilomita 880, na abiria bado hajatoka Oman.

Sehemu ya pili ni bahari, kiasi cha kilomita 660, kutoka pwani ya Dhofar hadi ncha ya Pembe ya Afrika. Ndege inaiona tena nchi kavu karibu na Alula, magharibi kidogo ya Ras Asir, rasi ambayo ramani za Kizungu huiita Guardafui.

Sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Ni Somalia, kwa zaidi ya kilomita 1,500, kutoka kaskazini kabisa hadi karibu na Kismayu. Mogadishu inabakia mashariki ya njia. Ikweta inavukwa karibu na Kismayu, pale pwani inapokutana na bahari.

Sehemu ya nne ni Bahari ya Hindi. Lamu, Malindi na Mombasa zote zinabakia upande wa kulia, si mbali sana na njia. Sehemu ya tano ni kisiwa cha Pemba, ambacho ukingo wake wa mashariki uko karibu chini ya mstari huo, kabla ya ndege kuanza kutua Unguja.

Hiyo ni njia ya kwenye tufe. Marubani hufuata njia zilizopangwa na waongozaji wa safari za anga, na njia hizo hupinda hapa na pale. Sababu mojawapo ni siasa. Tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, mashirika ya ndege yamekuwa na tahadhari na anga ya nchi hiyo, ambayo inapakana na njia hii.

Somalia nayo ina historia yake. Baada ya serikali ya nchi hiyo kuanguka mwaka 1991, kazi ya kusimamia anga yake ilifanywa kutoka Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi marubani waliopita hapo walilazimika kutangaza wenyewe kwa redio mahali walipo, ili ndege nyingine zijihadhari. Usimamizi ulirejeshwa Mogadishu mwishoni mwa mwaka 2017, na Januari 2023 anga hiyo ikarudi kuwa chini ya uongozaji kamili baada ya zaidi ya miaka 30.

Kutoka kilomita kwenda saa

Ndege za abiria za ukubwa wa Boeing 737, ambazo zimetumika sana katika njia hii, huenda kwa kasi ya kilomita 830 hadi 840 kwa saa zikiwa angani. Mtu akigawanya 3,900 kwa 840 atapata saa 4 na dakika 40 hivi.

Hesabu hiyo haitoshi. Ndege haiwi na kasi hiyo tangu inapoondoka. Kuna kutambaa hadi kwenye barabara ya kurukia, kupaa, kuteremka polepole na kuzunguka ili kujipanga na mwelekeo wa uwanja. Mambo hayo huongeza kiasi cha nusu saa.

Kanuni nyepesi ambayo msomaji anaweza kuitumia kwa safari yoyote ya masafa ya kati ni hii: gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Kwa Maskati na Unguja jawabu ni kiasi cha saa 5 na dakika 20, na muda huo haupishani sana na ule unaoandikwa kwenye ratiba za ndege za moja kwa moja.

Kanuni hiyo pia inaonyesha kwa nini safari fupi huonekana kuwa na mwendo wa konokono. Kutoka Unguja hadi Pemba ni kiasi cha kilomita 125, lakini ndege ndogo huchukua karibu nusu saa. Sehemu kubwa ya muda huo ni kupaa na kutua.

Pepo za chini na pepo za juu

Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa kwamba upepo ndio unaoamua safari. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalishuka Afrika Mashariki kwa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Yalirudi kwa kusi, ambao huanza kuvuma Aprili. Safari ya kwenda ilichukua wiki tatu, nne au zaidi, na aliyekosa msimu alilazimika kuusubiri mwingine.

Ndege nayo huathiriwa na upepo, ila kwa kiasi kidogo. Ikipata upepo wa nyuma wa kilomita 40 kwa saa, safari ya Unguja hupungua kwa dakika 13 hivi. Ikikutana na upepo huo kwa mbele, huongezeka kwa kiasi kama hicho.

La kushangaza ni kwamba upepo wa juu haufanani na wa chini. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati kusi inapovuma kwa nguvu juu ya bahari kutoka kusini magharibi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 10,000 juu ya Bahari ya Arabuni upepo huvuma kutoka mashariki. Kwa hiyo msimu ule ambao nahodha wa jahazi hakuthubutu kwenda Zanzibar ndio ambao rubani anaweza kupata msukumo mdogo wa kumpeleka huko.

Historia inatoa mfano wa namna masafa haya yalivyokuwa mazito zamani. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar kwa pamoja, alifariki dunia baharini Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa katika safari ya kutoka Maskati kwenda Unguja. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, aliufikisha mwili Unguja na kuuzika usiku kwa siri. Mtoto mwingine, Majid, alikuwa Unguja hiyo hiyo. Thuwaini alikuwa Maskati, na habari za kifo cha baba yake hazikuweza kumfikia kwa haraka kuliko chombo cha baharini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1861, dola hiyo iligawanywa mbili kwa uamuzi wa Canning, mwakilishi wa Uingereza nchini India.

Saa inayopotea na saa za kwenye tiketi

Saa za Oman ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja. Ikiwa ni saa nne asubuhi Wattaya, ni saa tatu asubuhi Unguja.

Tiketi huandika kila saa kwa wakati wa mahali husika. Kwa hiyo safari ya kwenda Unguja huonekana kwenye karatasi kuwa ya saa nne na ushei, na ile ya kurudi huonekana kuwa ya saa sita na ushei, ingawa ndege imeruka kwa muda ule ule. Anayempigia simu ndugu yake aliyeko Zanzibar na kumwambia atafika "saa nane" ni vyema aongeze kuwa ni saa nane ya huko.

Jambo la pili linawahusu zaidi wazungumzaji wa Kiswahili. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na za usiku linapotua. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Palipoandikwa 02:00 si saa mbili ya usiku. Ni saa nane ya usiku, na tarehe imekwisha badilika.

Kosa hapa si la saa tu, bali la siku nzima. Ndege inayoandikwa kuwa ya Ijumaa saa 02:00 humtaka abiria awe uwanjani Alhamisi usiku. Kwa hesabu ya wazee wetu hilo si tatizo, kwani usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Lakini siku hizi wapo wanaosema "Ijumaa usiku" wakikusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Atakayekwenda uwanjani kwa maana hiyo atakuta ndege yake imeondoka tangu jana.

Ndege ya kuunganisha: hesabu iliyo tofauti

Mpaka hapa tumezungumzia ndege ya moja kwa moja. Shirika la Oman Air limekuwa likiunganisha Maskati na Zanzibar kwa ndege za namna hiyo, mara nyingine safari hiyo ikiunganishwa na ya Dar es Salaam. Ndege hizo zinapokuwa hazipo siku hiyo, au nafasi zinapokuwa zimejaa kama inavyotokea nyakati za Idi na likizo za shule, msafiri hulazimika kupitia mji mwingine.

Wengi hudhani kwamba kupitia mji mwingine huchelewesha kwa sababu ya kuzunguka. Ramani inaonyesha vingine. Dubai iko umbali wa kilomita 350 tu kutoka Maskati, na kutoka Dubai hadi Unguja ni takriban kilomita 3,900, yaani karibu sawa na kutoka Maskati. Kupitia Doha masafa yote ni kilomita 4,450 hivi. Kupitia Addis Ababa ni kiasi cha kilomita 4,320.

Tukitumia kanuni yetu ya kugawanya kwa 800 na kuongeza nusu saa kwa kila ndege, njia hizo tatu zote zinatoa saa 6 na dakika 20 hadi 30 angani. Hiyo ni saa moja tu zaidi ya ndege ya moja kwa moja, na yeyote angeweza kuivumilia.

Muda unaopotea uko chini, kwenye viti vya uwanja wa katikati. Kungojea kunaweza kuwa kwa saa mbili, kunaweza kuwa kwa saa kumi na tano. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ndiyo yenye kungojea kurefu. Ndivyo safari ya masafa yale yale inavyoweza kuwa ya saa tisa kwa abiria mmoja na ya siku nzima kwa mwenzake.

Njia ya nne ni kushuka Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Unguja ni kiasi cha kilomita 70, na ndege huchukua dakika 20 hivi, lakini abiria atapaswa kumaliza taratibu za uhamiaji, kuchukua mizigo yake na kujiandikisha upya. Boti za mwendo wa kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, nazo husafiri mchana. Anayetua jioni huenda akalala Dar es Salaam akiwa karibu sana na anakokwenda.

Je, ataiwahi Alasiri?

Tuchukue mfano, ambao saa zake ni za kufafanulia jambo tu na si ratiba ya shirika lolote. Mzee amefariki dunia Unguja alfajiri, saa kumi na moja. Oman ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wake anayeishi Wattaya anapigiwa simu wakati huo huo.

Tuseme ipo ndege ya moja kwa moja inayoondoka saa tatu asubuhi, na ina nafasi. Ana saa tatu za kukata tiketi, kutafuta pasipoti, kuendesha gari kilomita 25 na kufika kwenye dawati kabla halijafungwa, kwa kawaida saa moja kabla ya kuondoka. Akifanikiwa, atatua saa nane na dakika 20 mchana kwa saa za Oman. Zanzibar itakuwa ni saa saba na dakika 20.

Adhuhuri itakuwa imekwisha swaliwa, kwani Unguja huingia baada ya saa sita mchana. Alasiri huingia karibu na saa kumi kasorobo. Anazo takriban saa mbili na nusu za kupita uhamiaji na kufika nyumbani. Kama familia imekubali kungoja hadi Alasiri, atayawahi maziko.

Sasa tuseme ndege iliyopo ni ya kupitia Dubai, nayo pia inaondoka saa tatu asubuhi. Atafika Dubai kwa muda wa saa moja hivi, atangoje saa tatu, kisha aruke tena kwa saa tano na dakika 20. Atatua Unguja saa kumi na moja na dakika 20 jioni. Amesafiri kilomita 350 tu zaidi ya yule wa kwanza, na maziko yamekwisha pita.

Hesabu hii ni ngumu zaidi kwa mtu wa Pemba. Ndege kubwa kutoka Maskati hutua Unguja, baada ya kukipita kisiwa chake kikiwa karibu chini yake. Atahitaji ndege nyingine ndogo ya kumrudisha kaskazini, au boti, na zote mbili kwa kawaida husafiri mchana. Kwake, kuwahi maziko ya siku hiyo hiyo ni jambo la bahati kubwa.

Masafa yasiyobadilika

Mwaka 2020 ulionyesha wazi kwamba kilomita hazielezi kila kitu. Kutokana na janga la virusi vya corona, Oman ilisimamisha safari za kawaida za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi, na viwanja vyake havikufunguliwa tena kwa safari hizo hadi Oktoba 1. Kwa miezi sita masafa ya Wattaya na Unguja yalibakia kuwa kilomita 3,900, lakini waliofiwa hawakuwa na njia ya kawaida ya kusafiri. Wengi walishiriki katika maziko na khitma kwa simu.

Hata ndege zinapokuwepo, yapo mambo ya karatasi yanayotangulia safari. Muda wa pasipoti, viza, na tangu Oktoba 2024 bima ya lazima kwa wageni wanaoingia Zanzibar, yote huweza kula saa ambazo msafiri wa msiba hana. Aliyeyatayarisha mapema, pasipoti yake ikiwa hai na akijua taratibu zinazohusu uraia wake, amejipunguzia safari kwa saa nyingi kuliko ambavyo ndege yoyote ya kasi ingeweza kumpunguzia.

Anayekata tiketi kwa dharura ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya bei. La kwanza, ndege ya moja kwa moja inayofuata ni ya lini, kwa siku na kwa saa. La pili, kama ni ya kuunganisha, kungojea katikati ni kwa muda gani na mzigo utakwenda moja kwa moja au la. La tatu, atatua saa ngapi kwa saa za Zanzibar. Jawabu la swali la tatu ndilo la kupelekwa nyumbani mara moja, kwa sababu huko nako watu wanasubiri kuamua.

Uamuzi wa kungoja au kutongoja ni wa wafiwa, kwa kuzingatia dini na hali yao. Wapo watakaosema maiti asicheleweshwe kwa ajili ya yeyote, na wapo watakaosogeza maziko kutoka Adhuhuri hadi Alasiri ili mtoto aiingie nyumba kabla jeneza halijatoka. Katika hali zote mbili, wanachohitaji kutoka Wattaya ni saa ya kutua iliyo ya kweli, na waipate mapema.